Ukimuuliza mtu "unasikia joto kiasi gani?", anayejibu ni ngozi

Ukitoka Sumbawanga mjini alfajiri ya mwezi wa sita, lazima utakuwa na sweta, na pengine koti juu yake. Gari linapita Namanyere, halafu barabara inaanza kuteremka kuelekea ziwani, na kabla hujafika Kirando sweta limeshahamia kwenye begi. Hakuna muujiza. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mita 770 hivi. Kwa wastani hewa hupoa kama nyuzijoto sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kuteremka peke yake kumekuongezea nyuzi sita hivi, kabla hatujauhesabu unyevunyevu wa ziwa.

Sasa tuseme jioni yake vijana wa Kirando wanakualika kwenye mechi, uwanja wa mchanga. Dakika ya ishirini wewe unaona dunia inawaka. Mwenzako aliyezaliwa palepale, aliyekimbia sawa na wewe, hata maji hajaomba. Kipimajoto kilichoning'inizwa kwenye mti kinasoma namba moja kwa wote wawili. Mmoja wenu anaongopa?

Hapana, wote mnasema kweli. Joto la hewa ni kitu kimoja, joto la ndani ya mwili ni kitu cha pili, na joto unalolisikia ni kitu cha tatu. Hivi vitatu ni ndugu, lakini hawalali chumba kimoja. Hiki cha tatu, hisia ya joto, watu wengi hudhani hakipimiki kwa sababu kiko "kichwani tu". Kinapimika, tena kwa karatasi na kalamu. Shida ni kwamba ukikosea swali, utapata jibu la swali jingine.

Hewa na mwili, kwa haraka

Hewa tusikae nayo sana. Kipimajoto cha kawaida hakitoshi, kwa sababu mtu anayefanya kazi juani anapambana na jua, unyevu na upepo kwa pamoja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950, kwa kuanzia kwenye kambi za mafunzo za jeshi la Marekani, kinatumika kipimo cha mchanganyiko. Unachukua vipimajoto vitatu: kimoja kimevishwa kitambaa kibichi, kimoja kiko ndani ya tufe jeusi linalonasa jua, kimoja ni kikavu kivulini. Kile kibichi kinapewa uzito wa asilimia 70, tufe asilimia 20, kikavu asilimia 10 tu. Namba tunayoisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa, yaani ile ya kipimajoto kikavu, ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote.

Kwa upande wa mwili, joto la ndani hupimwa vizuri kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, au cha kwenye umio, au kwa kidonge chenye redio ndogo ambacho mtu anakimeza na kinatuma namba kikiwa tumboni. Kile cha kuelekeza kwenye paji la uso, tulichokizoea mlangoni wakati wa korona, hakifai kwa mtu anayetoka jasho: kinapima ngozi, na ngozi iliyolowa hupoa. Joto la ngozi nalo lina hesabu zake. Njia inayotumika sana ni ya Ramanathan ya mwaka 1964: kifua na mkono vinahesabiwa kwa asilimia 30 kila kimoja, paja na mguu chini ya goti asilimia 20 kila kimoja.

Ngozi inavyotoa taarifa

Hebu fanya jaribio hili nyumbani. Weka mabeseni matatu: moja maji ya moto kiasi cha kuvumilika, moja maji baridi, la katikati maji vuguvugu. Mkono mmoja uuzamishe kwenye moto, mwingine kwenye baridi, subiri dakika mbili, halafu ingiza yote miwili kwenye vuguvugu. Mkono mmoja utakuambia maji ni baridi, mwingine utakuambia ni moto. Mwanafalsafa John Locke aliliandikia jambo hili karne ya 17, na mpaka leo sijaona njia nzuri zaidi ya kulieleza darasani. Ngozi haisomi nyuzijoto. Inasoma mabadiliko, na inalinganisha na ilipokuwa mwanzo.

Vipokezi vya ngozi vinavyofanya kazi hiyo vimeeleweka vizuri miaka ya karibuni tu. Mwaka 1997 maabara ya David Julius ilitambua kipokezi kinachoitikia joto kali na pilipili kwa pamoja. Mwaka 2002, maabara yake na ya Ardem Patapoutian, kila moja kwa njia yake, zikatambua kinachoitikia ubaridi na mentholi. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa hiyo unaposema pilipili "inachoma" na dawa ya kuchua "inapoza", si mafumbo ya lugha. Waya zinazopeleka taarifa ubongoni ni zilezile.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao kila mtu wa Rukwa anaujua, ni wa malaria. Mgonjwa ana nyuzi 39, ukimgusa unaondoa mkono, lakini yeye anatetemeka na anaomba blanketi la pili. Ukimuuliza, anakujibu bila kusita: nasikia baridi. Hajachanganyikiwa. Ubongo wake umepandisha kiwango unachokitaka, kwa hiyo mwili wenye nyuzi 39 unauona bado uko chini. Kipimajoto na mgonjwa wamejibu maswali mawili tofauti.

Kwenye mazoezi hali ni nyingine. Ubongo haujapandisha kiwango. Mwili unapata joto kwa sababu misuli si injini nzuri. Katika nguvu yote inayochomwa, robo hivi au pungufu ndiyo inakuwa kazi, iliyobaki inakuwa joto. Joto hilo damu inalipeleka kwenye ngozi, na jasho likikauka linaondoka nalo. Lazima likauke. Jasho linalodondoka mchangani halijakupoza chochote. Kando ya ziwa, hewa ikiwa na unyevu na upepo umetulia, unaweza kulowa fulana nzima na joto likabaki ndani.

Swali ni kwamba mtu akiwa katika hali hiyo, namba anayoitaja inafuata nini? Inafuata damu iliyoko ndani, au ngozi? Mwaka 1969 Gagge, Stolwijk na Saltin waliendeshesha watu baiskeli ya maabara kwenye hewa ya nyuzi 10, 20 na 30 huku wakiwauliza. Walichokiona kimeendelea kuwa msingi wa somo hili. Hisia ya joto ilifuata zaidi ngozi na hewa inayoizunguka. Karaha, yaani kutojisikia vizuri kwa ajili ya joto, ilifuata zaidi jasho. Kazi ikiongezeka kwenye hewa baridi, joto la ndani linapanda, na bado mtu anaweza kukuambia hana joto.

Kwa maneno mengine, ukimuuliza mtu anayekimbia anasikia joto kiasi gani, anayekujibu kwa kiasi kikubwa ni ngozi yake.

Hatari iko wapi

Nenda ufukweni Kirando saa sita mchana. Wavuvi wa usiku wamelala. Walioko juani ni akina mama wanaoanika na kugeuza dagaa, na vijana wanaobeba magunia kupeleka kwenye lori. Jua lilelile linalomtesa mtu ndilo linalokausha dagaa, kwa hiyo kumwambia mama asubiri jioni ni kumwambia aache biashara. Kutembea kwenye mchanga na beseni kichwani ni mazoezi kama mazoezi mengine, tena magumu, ila hayana refa wa kupuliza kipenga.

Mtu huyu anajua akizidiwa? Mara nyingi ndiyo, na hisia yake inamlinda: anapunguza mwendo, anakaa kivulini. Kupunguza mwendo ndiyo kinga kuu ya mwili, na watu hulifanya muda mrefu kabla ya kuanguka. Lakini kuna njia za kuidanganya ngozi. Kumwagia maji kichwani kunashusha hisia mara moja. Joto la ndani linashuka taratibu mno, au halishuki kabisa kama kazi inaendelea. Mentholi ni mbaya zaidi kwa maana hii: inapoza hisia bila kupoza mwili. Wanariadha hulijua hilo na husukutua maji ya mentholi ili wakimbie vizuri zaidi kwenye joto, nao hufanikiwa. Mwanariadha mwenye daktari pembeni anaweza kucheza mchezo huo. Mbeba magunia aliyejipaka dawa ya kuchua kifuani hana daktari pembeni.

Kinyume chake pia kipo. Twende mbali kidogo, Doha, Qatar, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli ya mwaka 2016. Watafiti waliwapa waendesha baiskeli 40 vidonge vya kumeza vinavyopima joto la ndani. Robo yao walivuka nyuzi 40, na hakuna hata mmoja aliyepata kiharusi cha joto. Miaka mitatu baadaye, mji uleule, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ya riadha ilianzishwa karibu na saa sita usiku kukwepa jua, na bado kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda wa taratibu sana kwa mtu wa kiwango chake. Waliopunguza mwendo na walioacha hawakuwa waoga. Miili yao ilikuwa inafanya hesabu.

Kwa hiyo namba ya kipimajoto peke yake haitoshi kukuambia nani yuko hatarini, na namba ya hisia peke yake haitoshi pia. Zikiwa pamoja, hasa zinapoachana njia, ndipo unapopata habari. Joto la ndani linapanda na hisia haipandi: hapo uwe macho.

Na huyu mwenyeji wa Kirando asiyeomba maji? Mwili unaozoea joto hubadilika kweli, kwa siku 7 hadi 14 za kufanya kazi humo: jasho linaanza mapema na kutoka zaidi, mapigo ya moyo yanashuka, na hisia ya joto kwa kazi ileile inapungua. Namba yake ndogo ina mwili nyuma yake. Mgeni kutoka Ufipa juu naye atafika huko, ila siyo kwenye mechi ya siku ya kwanza.

Skeli, na mtego wa Kiswahili

Skeli inayojulikana zaidi duniani ina ngazi saba, kuanzia -3 (baridi) hadi +3 (joto), sifuri ikiwa katikati. Ilitengenezwa na wahandisi wa majengo, kwa ajili ya watu waliokaa ofisini. Ipeleke kwenye uwanja wa Kirando na mchezaji atafika +3 dakika ya kumi, halafu hana pa kwenda. Kila dakika inayofuata anakuonyesha +3, na wewe unaandika kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa mazoezi wengi hutumia skeli ya Young na wenzake ya mwaka 1987, inayoanzia 0, baridi isiyovumilika, hadi 8, joto lisilovumilika, na mtu anaruhusiwa kutaja nusu. Ina nafasi zaidi juu. Pia haina namba hasi, jambo linalosaidia kwa mtu asiyekaa sana na hisabati za darasani.

Ina kasoro moja, kwa maoni yangu. Ngazi ya 4, ya katikati, imeandikwa kwa neno la raha, si la joto. Raha na joto si kitu kimoja. Asubuhi ya Julai pale Sumbawanga, mtu anayeota jua ukutani anasikia joto na anafurahi. Mchana wa Oktoba Kirando, joto hilohilo ni adhabu. Ukichanganya mawili hayo kwenye skeli moja, hutajua amejibu lipi. Bora uulize maswali mawili: kwanza unasikiaje, halafu ungependa kuwe na baridi zaidi, joto zaidi, au hivihivi.

Halafu lugha yenyewe. Kiingereza kina maneno mawili kwa ngazi ya 5 na ya 6. Sisi tuna "joto" kwa yote mawili. Wengine hukimbilia "vuguvugu" kwa ile ya 5, lakini vuguvugu ni la maji na uji. Jaribu kumwambia mtu "mimi ni vuguvugu" uone atakavyokutazama. "Moto" nalo halifai: chai ni ya moto, na mwili ukiwa wa moto maana yake mtu anaumwa. "Fukuto" ni neno zuri sana, lakini linaelezea hewa nzito isiyopita, halielezi mwili.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "poa". Zamani ni kupungua joto, na uji ukipoa unanywewa. Leo ni salamu. Andika "poa" katikati ya skeli na kila kijana atakuonyesha hapohapo, hata kama anaungua, kwa sababu amesikia "mambo?". Vivyo hivyo "kawaida" na "salama tu". Mtu mzima aliyelelewa vizuri haanzi kumlalamikia mgeni aliyemwamkia vizuri.

Katikati mimi naweka "si joto si baridi". Ni refu, lakini halina adabu ndani yake. Juu yake: joto kidogo, joto, joto kali, joto lisilovumilika. Chini: baridi kidogo, baridi, baridi kali, baridi isiyovumilika.

Na swali? Angalia tofauti ya "kuna joto" na "nasikia joto". La kwanza ni habari ya hewa; mtu anaweza kulijibu kwa kuangalia jua. La pili ni habari yake mwenyewe. Kwa hiyo usiulize "joto likoje?" wala "unajisikiaje?", kwani hilo la mwisho utajibiwa uchovu, njaa na madeni. "Unahisi" nalo kwa wengine ni kudhani. Kwa mama anayegeuza dagaa, baada ya shikamoo na habari za kazi, ningesema: "Mama, sasa hivi, mwilini mwako unasikia joto au baridi kiasi gani? Nionyeshe hapa kwa kidole." Uchovu uuandalie swali lake, kwa skeli ya Borg inayoanzia 6 hadi 20, na karatasi yake iwe ya rangi tofauti.

Kidole ni muhimu. Kwenye mechi, ukimuuliza kijana kwa sauti mbele ya wenzake, hutasikia namba iliyo juu ya ile ya mwenzake aliyetangulia. Karatasi iliyofunikwa nailoni isiharibiwe na jasho, kidole kimoja, kila baada ya dakika kumi, maneno yaleyale kila mara. Kabla ya kuanza, mpe mtu dakika tano akumbuke joto kubwa kuliko yote aliyowahi kulipata maishani, na baridi kubwa kuliko yote. Hizo ndizo nguzo zake mbili. Ya mtu wa Sumbawanga na ya mtu wa Kirando hazitalingana, ndiyo maana namba ya mtu unailinganisha kwanza na ya mtu huyohuyo ya dakika kumi zilizopita, kabla ya kuilinganisha na ya jirani. Ukitaka namba ya kundi, usikimbilie wastani. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa uchukue ya katikati, maana hakuna aliyekuhakikishia kwamba kutoka 4 hadi 5 ni mbali sawa na kutoka 7 hadi 8.

Kuna wakati mmoja ambapo karatasi unaiweka chini kabisa. Mtu akianza kuonyesha namba bila kuangalia, akijibu maneno yasiyoeleweka, akiyumba, au akiacha ghafla kusikia joto huku kazi ni ileile, namba yake haina maana tena. Ubongo unaotoa jibu ndio unaopata shida. Msimamishe, mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima mfululizo huku mnampepea, na mwingine akatafute usafiri wa kituo cha afya. Kupoza kunaanza palepale, hakusubiri gari.

Hayo maneno yangu tisa usiyachukue kama msahafu. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowauliza zaidi ya watu 8,000 kwa lugha 21, ukaonyesha kwamba watu wa kawaida hawazipangi ngazi za skeli kwa nafasi sawa kama watafiti wanavyodhani, na hali ya hewa ya mahali pamoja na lugha vina mkono humo. Kuyajaribu kwa Kiswahili hakuhitaji maabara. Andika kila neno kwenye kipande chake cha karatasi, bila namba, uvichanganye. Chora mstari wa mita moja mezani, umpe mtu vipande avipange juu yake, akisogeza karibu yale anayoyaona yanakaribiana. Pima kwa rula. Fanya hivyo kwa watu 20 sokoni Sumbawanga na 20 mwaloni Kirando, na uandike saa uliyomuuliza kila mmoja, kwa sababu mtu aliyetoka juani sasa hivi hapangi sawa na aliyekaa kivulini tangu asubuhi.